Mtaro Usio na Kizibo

Wifi yangu Keike alikuwa mtu wa kuota macho wazi. Unaongea naye habari za maziwa, unageuka umpe ndoo, unamkuta kasimama anatazama tope la bahari iliyokupwa, midomo inamcheza. Ukimuuliza anaona nini, atakwambia pale penye lile dimbwi refu palikuwa na njia ya magari ya ng'ombe, na pembeni yake nyumba ya mtu aliyefuga mbwa. Njia sikatai. Hata mimi nimeiona. Upepo wa mashariki ukivuma na maji yakisukumwa mbali kabisa, mifereji ya mashamba ya watu wa kale hutokea topeni, imenyooka kama jana imelimwa, na visima vyao pia, miduara mitupu iliyojaa mchanga. Lakini huyo mbwa alikuwa wa kwake mwenyewe.

Mimi ni Göntje, mke wa kaka yake, Momme. Mawifi tunajuana, kwa hiyo nikimsema mnisamehe, na nikimsifu mjue nimebanwa.

Ketelshoog, kisiwa chetu, ni kipande tu, na kila mtoto wa hapa anajua hivyo kabla hajajua kusali. Kilikuwapo kisiwa kikubwa chenye makanisa na masoko, bahari ikapanda siku moja ya upepo mbaya, kesho yake watu waliobaki wakatazamana kutoka visiwani, huyu huku na yule kule. Sisi ni makombo ya mkate ule. Hatuna ukuta wa kuzuia maji. Tunazo nyumba juu ya matuta waliyojaza babu zetu kwa mikokoteni, na kuyazunguka matuta hayo ni malisho mabichi yenye chumvi, na kuzunguka malisho ni bahari. Majira ya baridi maji yakipanda yanafunika malisho yote, na hapo tunabaki kila mtu juu ya tuta lake, ng'ombe ndani, moto wa mavi makavu ukifuka, tunachungulia madirishani na kupungiana mikono.

Keike hakutosheka na kisiwa kile kikubwa. Yeye alikwenda nyuma zaidi. Alipokuwa msichana, akikanyaga samaki bapa kwa nyayo kwenye mkondo, kama tufanyavyo sote, alikanyaga kisiki. Kisiki cha mti, jamani, huku kwetu ambako hakuna hata mti mmoja wa kufungia kondoo. Akachimba kwa mikono kwenye udongo mweusi uliooza, akatoa njugu za porini, ngumu, nyeusi, zimekaa humo tangu enzi zisizojulikana. Tangu siku hiyo hakupona. Alikuwa akisema kwamba bahari hii yote ilikuwa nchi kavu, misitu na mito na paa wakinywa maji, na mtu angeweza kutoka hapa na kondoo wake, akalala njiani, akalala tena njiani, mpaka akafika Uingereza bila kulowa vifundo vya miguu.

Halafu maji yakaja. Aliyasimulia kama mtu aliyekuwapo. Kwanza yalikuja polepole, alisema, kiasi kwamba babu aliona dimbwi la bata mahali fulani na mjukuu akavua samaki papo hapo, na hakuna aliyeshtuka. Yakaingia kwenye mabonde, yakavizunguka vilima, watu wakahamia juu kidogo, na juu kidogo tena. Mwisho siku moja yakaja yote kwa pamoja, marefu, kutoka kaskazini, yakakuta nafasi nyembamba yakapita. Yakishapata njia, hayasahau. Akisema hivyo alikuwa akishusha sauti, na chai inapoa, na mimi mwenye haraka zangu nilijikuta nimekaa, nasikiliza, naona vilima vile vikizama kimoja kimoja huku watu juu yake wakiwa bado wanazungumza.

Basi mtu huyo, aliyejua hayo yote, ndiye aliyeshika koleo.

Niwaeleze ilivyokuwa. Malisho yetu hayana mwenyewe. Kila masika, baada ya baridi kuisha, wanaume huzunguka ukingo wa kisiwa na kamba ndefu. Mzee wa kisiwa hushika mbele, mwingine hushika mkia, wanapiga kamba moja baada ya nyingine, wanakata pembe zote mpaka wamerudi walipoanza. Kilichomo ndani ya kamba ni chetu sote. Hukatwa vipande, kila nyumba inacho kibao chake kidogo chenye alama iliyochongwa, vibao vinatiwa ndani ya ndoo ya maziwa, vinakorogwa, vinatolewa kwa kura. Mwaka huu unakata majani huku, mwaka ujao kule. Na kile ambacho bahari imekula majira ya baridi hakiwi hasara ya mtu fulani. Kamba imekuwa fupi, vipande vimekuwa vyembamba, basi, tunapungukiwa wote. Ndivyo tulivyoishi, na sijui namna nyingine watu wangeweza kukaa juu ya kitu kinachomeguka.

Keike aliolewa na Tade, wa tuta la kusini. Mwanamume mwenye neno moja kwa siku, na hilo moja lilikuwa hapana. Baridi moja ikaja bahari ikala upande wa kaskazini tu, upande wetu, ikala vibaya sana, na kusini haikugusa hata jani. Masika kwenye mkutano Tade akasimama. Akasema watu wa kusini wamechoka kulipia kaskazini, ukingo wao ni imara, majani yao ni yao. Watu wakacheka, maana walidhani anatania, ingawa Tade hakuwahi kutania tangu kuzaliwa. Mume wangu akamjibu kwa ukali kwamba anayekaa kusini anakaa kwa bahati na si kwa akili. Hapo ndipo Keike akasimama upande wa mumewe. Alikuwa kijana, uso mwekundu, ananiangalia mimi badala ya kumwangalia kaka yake.

"Basi kila mtu abaki na chake," akasema, "na bahari yake."

Momme akamwambia, "Chimbeni."

Mtaro ukachimbwa katikati ya kisiwa, ukingo hadi ukingo, kuwa mpaka. Wa kusini walichimba na wa kaskazini wakachimba, kwa hasira, wakishindana nani ananyoosha zaidi. Niliwapelekea chai, pande zote mbili, na hakuna aliyeniambia asante. Ulikuwa mtaro mwembamba, kuku angeuruka. Sasa, mtu yeyote wa visiwa hivi anajua kwamba mtaro unaofika baharini huzibwa mwishoni kwa udongo na magugu, unashindiliwa, kizibo kinene kuliko ukuta wa nyumba. Ni kazi ya asubuhi moja. Kaskazini wakasema waliotaka mtaro wazibe. Kusini wakasema aliyetoa amri ya kuchimba ndiye azibe. Momme akasema hatashika koleo kwa ajili ya Tade. Tade akasema hapana. Kiangazi kikapita, majani yakakatwa, watu wakapita na mikokoteni karibu na mdomo ule ulio wazi, kila mmoja akiangalia pembeni.

Vuli ikaja bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, na upepo wa kaskazini magharibi nyuma yake. Maji yalikuta njia, yakapita.

Mwaka wa kwanza uliuvuka kwa kunyanyua sketi tu. Mwaka uliofuata Keike alikuja kunitembelea akitumia fimbo ndefu ya kurukia, na alipotua upande wetu alicheka, kwa sababu alikuwa bado hajakata tamaa na ujana. Kisha wakaweka ubao. Kisha ubao ukawa mfupi, wakaunga wa pili, na siku moja ubao wenyewe ukaondoka zake na maji, tukauona ukizunguka taratibu kwenye ukungu. Baadaye ikawa mtumbwi. Kingo zilikuwa zikianguka kimya kimya, kipande chenye maua ya zambarau kinainama, kinakaa kidogo majini na maua yake, kinayeyuka. Tulizoea. Hicho ndicho kinachonitisha nikikumbuka, namna tulivyozoea. Mtoto aliyezaliwa wakati huo alijua Ketelshoog mbili, na ukimwambia ilikuwa moja, anakuangalia kama alivyokuwa Keike akiangaliwa na habari zake za Uingereza.

Familia nyingine za kusini zilihamia bara. Tade akafa kwa kifua, tukamleta kanisani kwa mtumbwi, jeneza likichungulia mbele na nyuma. Keike alisimama kaburini, macho makavu. Momme alisogea kando yake, nikadhani sasa, leo, mmoja atasema neno. Akavua kofia, akavaa kofia. Keike akashukuru watu, akarudi na maji yalipokuwa yanafaa. Akabaki kule peke yake na kondoo wake, nyumba moja juu ya tuta moja, na mkondo katikati uliokwisha kuwa mpana kiasi kwamba ukiita, upepo unachukua nusu.

Kila jioni taa yake ikiwaka, mume wangu alikuwa nje. Anaangalia hali ya hewa, eti. Taa ikichelewa, hali ya hewa inaangaliwa mpaka miguu inakufa ganzi. Nilimwambia, si uvuke ukamsalimu? Akaniambia mkondo una kasi. Nilimwambia ulikuwa na kasi gani ulipokuwa mtaro? Siku hiyo alilala bila kula.

Miaka ikaenda hivyo, ya ukungu na majani na ndege wanaokuja na kuondoka, sisi tukazeeka. Halafu mwisho wa majira ya baridi moja akaja mhandisi wa serikali kutoka bara, mpole, mwenye mafua. Serikali ilikuwa imeamua kuvizungushia visiwa vyetu ukingo wa mawe. Kiangazi kijacho mawe yangeshushwa. Tulifurahi, hata mimi nilitoa ramu nzuri. Kisha akasema kipande cha kusini hakitawekewa. Ni kidogo mno, kinaliwa pande zote, na hilo tuta halitapita baridi mbili, labda hata moja. Mama anayeishi pale ahame kabla ya vuli. Alisema kwa upole, akapenga kamasi, akaomba chai nyingine.

Wa kumpelekea habari Keike nilikuwa mimi, nani mwingine. Nilivuka siku ya ukungu, maji yamejaa na kutulia, mtumbwi unakwenda bila mbele wala nyuma, mpaka nikaona kondoo wamesimama angani na nikajua nimefika. Keike alinipokea na chai, kipande cha sukari-mawe chini ya kikombe kikipasuka, ramu juu. Nyumba ilikuwa safi, ukuta mmoja umepata ufa. Tulikaa. Alinieleza kwamba usiku ameota amekwenda mpaka kwenye ule msitu, miti yote imesimama chini ya maji, na majani yake yanapepea kwa mkondo badala ya upepo, na aliona watu wanatembea humo bila wasiwasi, wanapika, wanagombana. Alitaka kuwauliza jambo lakini hawakusikia lugha yake.

Nikamwambia habari ya mhandisi. Hakushtuka. Alikuwa ameshaona ufa kabla yangu.

"Utakuja kwetu," nikamwambia. "Chumba kipo."

"Nije kama nani, wifi?"

"Kama Keike. Unataka uje kama malkia?"

Akatabasamu kidogo. Kisha akaniambia, bila hasira, maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Alisema yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu akaikataa kamba. Kibao chake hakimo kwenye ndoo. Akivuka, anavuka hana jani moja Ketelshoog, kondoo wake watakula majani ya Momme, yeye atakula mkate wa Momme, na kila kuku akitaga, atajiuliza kama yai ni halali yake. Wajane wa namna hiyo amewaona. Wanakaa karibu na mlango, wanacheka kabla utani haujaisha.

"Hapa nina tuta langu," akasema. "Likienda, nitakuwa mwenye tuta mpaka dakika hiyo."

"Utazama, Keike."

"Sitakuwa wa kwanza. Mwambie kaka nitavuka siku nikiwa na majani yangu. Zaidi ya hapo asinitumie mtu."

Nilimfikishia Momme neno kwa neno. Alikuwa anarekebisha mpini wa koleo. Aliendelea kurekebisha mpini ambao ulikuwa umeshakaa sawa.

Kwenye mkutano kabla ya kamba alisimama, mzee wa kisiwa sasa, akaomba kibao cha Keike kirudi ndooni. Watu wakatazama viatu vyao. Aliyejibu alikuwa Frerk, jirani yetu wa tuta la pili, na msimchukie, Frerk alikuwa na nyumba iliyojaa watoto na ng'ombe waliokonda. Akasema hakuna asiyempenda Keike. Aje, alale, ale, hata kwake anakaribishwa. Lakini kuingia kwenye kura ni jambo jingine. Watu wa kusini walijitoa wenyewe wakati ukingo wao ulikuwa imara, sasa bahari imewala ndiyo wanakumbuka undugu. Analeta nini? Tuta lenye ufa. Kipande kimoja kikizidi kwenye kura, kila nyumba inapoteza majani ya ng'ombe mmoja.

"Mtaro ni mpaka, Momme," akasema. "Uliutaka wewe."

Ilikuwa kweli. Na mimi, niseme tu, ng'ombe niliyemfikiria alikuwa wangu, yule mwenye doa, na nilimfikiria kwa uchungu. Wakaamua: aje kwa huruma, si kwa kura. Nilimtazama mume wangu akivaa kofia nikajua kwamba kwa uamuzi ule wamemzamisha dada yake, na yeye anajua.

Siku ya kamba upepo ulivuma kutoka mashariki. Ulikuwa umevuma tangu juzi, na bahari ilikuwa imekwenda mbali sana, sijawahi kuiona imekwenda mbali vile. Tope liling'aa mpaka mwisho wa macho. Mashamba ya wale watu wa kale yalikuwa yamelala nje wazi, mistari na mistari, na hewa ilikuwa na usingizi fulani, kama ya nyumba ambayo wenyewe wametoka kidogo. Wanawake tuliwafuata wanaume na vikapu vya mkate kama kawaida. Momme mbele na ncha ya kamba, Frerk kwenye mkia, wengine kati wakipiga hesabu. Wakazunguka kaskazini, wakashuka na magharibi, wakafika kwenye mkondo.

Tangu mtaro uchimbwe, hapo kamba hugeuka. Inafuata ukingo wa mkondo mpaka mashariki na kurudi nyumbani. Momme hakugeuka. Alisimama ukingoni kama anayesikiliza, kisha akakaa kitako, mzee yule, akateleza kwenye tope mpaka chini na kamba mkononi, akaingia majini.

Watu walidhani ameanguka. Mmoja akamwita. Yeye anakwenda, maji magotini, maji kiunoni, baridi ya masika ambayo inakata pumzi, anakwenda polepole akipapasa chini kwa miguu kama anatafuta samaki bapa. Kamba ikakaza. Momme akasimama katikati ya mkondo, amefika mwisho wa kamba, mgongo wake kwetu. Hakugeuka kutazama. Alingoja tu.

Hapo wote tulielewa. Kamba ikipita, imepita. Kilichomo ndani yake ni chetu sote, na mkondo wenyewe na kila kitu kilichozama humo ni hasara yetu sote, na hakuna mkutano wa kubishana na kamba iliyokwisha kupigwa. Lakini mkia usipofuata, hakuna kipimo, kuna mzee aliyelowa tu. Tukamgeukia Frerk. Ameushika mkia kwa mikono miwili, taya limekaza, hatupi na haendi. Nilimtazama, nikatazama ule mgongo wa mume wangu ulioanza kutetemeka, na hasira ikanipanda ambayo sijui ilikuwa kwa nani, kwa Frerk, kwa Momme, kwa Keike, kwa yule ng'ombe wangu mwenye doa.

Nikaweka kikapu chini. Nikamnyang'anya Frerk mkia wa kamba.

"Shemeji, wanawake hawashiki," akaniambia, kwa mshangao tu.

Nikamwambia basi anizuie. Nikateleza kwenye tope na sketi zangu zote, nikaingia. Jamani, yale maji. Nilidhani moyo umesimama. Kamba ikalegea, nikaona mabega ya Momme yanashuka, akaanza kwenda tena. Nyuma yangu nikasikia mtu mzito anaingia majini akilaani kwa Kifrisia, lugha ya zamani ya babu yake, na mkono wa Frerk ukachukua mkia kutoka kwangu na mwingine ukanishika kiwiko nisibebwe. Tulikwenda hivyo hadi upande wa pili.

Keike alikuwa amesimama ukingoni na kondoo wake nyuma yake. Alikuwa ametuona tangu mwanzo. Momme alipanda tope kwa magoti, akasimama mbele ya dada yake akitiririka maji, midomo ya bluu, akamnyooshea ncha ya kamba. Keike hakuichukua.

"Kizibo kilikuwa chenu," akasema.

"Kilikuwa changu," Momme akajibu. "Nilipita pale kila siku, kiangazi chote. Ningeziba asubuhi moja."

"Na mimi nilipita."

"Najua. Nilikuwa nakuona."

Hapo ndipo Keike akalia, kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto. Akalia huku amemfungua kaka yake vifungo vya koti lililolowa na kumvisha shali lake. Kisha akachukua ncha ya kamba, akatangulia. Tulizunguka upande wake wote. Palikuwa padogo, tulimaliza upesi mno, na ukingoni alituonyesha wapi pa kukanyaga na wapi pameshakuwa hewa tupu chini ya majani.

Jioni hiyo kibao chake kiliingia kwenye ndoo. Kura yake ikaangukia kaskazini kabisa, kipande kibaya kuliko vyote, chenye chumvi na maganda ya kome, na alikikata kiangazi chote akiimba. Kondoo wake walivushwa kwa mtumbwi wawili wawili. Chumba nilichompa alikipanga upya siku ya kwanza, na jiko langu siku ya pili, akanieleza kwamba miaka yote nimekuwa nikiweka birika mahali pa kijinga. Tuligombana vizuri sana. Ng'ombe mwenye doa tulimuuza. Kipande chetu hakikumtosha tena, wala cha Frerk hakikumtosha ng'ombe wake mmoja, na hakuna aliyelitaja hilo mezani.

Mawe yalishushwa, upande wetu ukazungushiwa. Vuli ikaja bamvua na upepo wake. Tulipanda darini sote, ng'ombe wakilia chini, maji yakipiga mlango, na Keike akatusimulia mpaka watoto wa majirani waliokuwa nasi wakalala, habari za vilima na paa na watu wale wanaotembea chini ya bahari.

Asubuhi ilikuwa nyeupe na kimya. Maji yalikuwa yanarudi. Upande wa kusini hapakuwa na kitu, wala nyumba, wala tuta, wala ukingo. Ni bahari tu, imelala sawa, kana kwamba hapo hapajawahi kuwa na mtu. Keike alisimama dirishani na kikombe chake. Momme alikaa nyuma yake.

Frerk akaja, amevaa buti zilizojaa tope, akasimama mlangoni akiwa amevua kofia.

"Pole, Keike," akasema. "Pole sana kwa tuta lako."

Keike akageuka. Akamtazama, akamvutia kiti, akamwekea chai.

"Na wewe pole, Frerk," akamwambia. "Lilikuwa lako pia."